Michezo ya Windows ndani ya Linux, chumba cha Katuba: shajara ya kazi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Chumba kiko Katuba, hapa Lubumbashi, kando ya malewa, yaani kibanda cha chakula, ambapo vijana hupita wakitoka shule. Kompyuta ni sita, zote za mtumba. Nne ni HP zenye Core i5-6500 na RAM ya gigabaiti 8. Mbili ni Dell za zamani zaidi, Core i5-3470 na gigabaiti 4. Hakuna yenye kadi ya picha ya peke yake, kila kitu kinachorwa na Intel iliyomo ndani ya prosesa: HD 530 kwa zile nne, HD 2500 kwa zile mbili.

Microsoft ilisimamisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Zetu ni za kizazi cha sita na cha tatu. Lakini hata bila hilo, hali ilikuwa imefika mwisho. Flashi za vijana hutembea mtaa mzima na kurudi na virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato mahali pake. Na mega za intaneti zilikuwa zinakwisha chumba kikiwa kimefungwa, kwa sababu Windows hushusha masasisho bila kumngoja mtu. Mama mwenye chumba aliniuliza: "Mwanangu, mashine zinalala, mega zinaisha. Nani anazikula?"

Tumekubaliana kuhamia Linux, mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows, kwa masharti haya: vijana wasipoteze michezo waliyoizoea, kompyuta za michezo zisiunganishwe na intaneti kabisa, na mashine ikiharibika iweze kurudi kazini siku hiyohiyo hata kama mimi sipo.

Hilo la intaneti ndilo linaloamua njia. Ukiuliza watu jinsi ya kucheza michezo ya Windows kwenye Linux, wengi watakuambia: weka Steam, duka la michezo la Valve, washa Proton yake inayoendesha michezo ya Windows, basi. Proton, iliyotolewa na Valve Agosti 2018 kwa ushirikiano na CodeWeavers, ni kazi kubwa na ndiyo inayobeba Steam Deck, kifaa cha michezo cha mkononi cha Valve. Ila Steam inataka akaunti na muunganisho, na Proton yenyewe ni mamia ya megabaiti, halafu kuna mafaili mengine inayoyategemea. Kwa mtu anayenunua mega kwa siku, hiyo ni bei ya chakula. Michezo yetu imetoka kwenye diski na kwenye vifurushi vya GOG, duka la michezo la mtandaoni, ambavyo husakinishwa bila intaneti. Kwa hiyo tunaanza na Wine tupu, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, kisha tunaongeza tu kinachohitajika.

Alhamisi, 6 Novemba

Linux Mint 22.2 ya Xfce imeingia kwenye HP ya kwanza. Nimechagua Xfce kwa ajili ya zile Dell za gigabaiti 4: sitaki mazingira ya kazi yale RAM ambayo mchezo unaihitaji.

Wine iliyo kwenye hazina ya Mint 22 ni 9.0. Michezo tuliyo nayo ni ya biti 32, kwa hiyo kwanza niliiambia mashine ikubali vifurushi vya aina hiyo, `dpkg --add-architecture i386`, kisha nikasakinisha. Orodha ya vifurushi inakuwa ndefu, maana karibu kila maktaba ya picha na sauti inahitaji ndugu yake wa biti 32. Nilivishusha mara moja tu, kwenye mashine hii moja, kwa kutumia simu. Mafaili ya .deb (vifurushi vyenyewe) yakishushwa kwa `apt-get` hubaki ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Nimeyanakili kwenye flashi, na mashine nyingine zote zitasakinishwa kutoka hapo bila mega hata moja.

Ningependa kila anayeendesha chumba cha kompyuta mjini kwetu alijue jambo hili. Watu wanalipia mafaili yaleyale tena na tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Mchezo wa kwanza ni FlatOut 2, mbio za magari za mwaka 2006. Nimeuchagua kwa sababu kifurushi chake cha GOG hakina kufuli na hakiulizi mtandao.

Kila mchezo naupa prifiksi yake, yaani folda inayojifanya diski C ya Windows. Amri ni `WINEPREFIX=/home/mchezo/flatout wine setup.exe`, na jina la faili la kusakinisha hubadilika kwa kila mchezo. Ndani yake hutokea `drive_c`, na pembeni kuna rejista, daftari la mipangilio la Windows, ambayo kwa Wine ni mafaili ya maandishi ya kawaida: `system.reg`, `user.reg`, `userdef.reg`. Unaweza kuyafungua na kuyasoma. Nimewaonyesha vijana wawili wakubwa wanaonisaidia, wakashangaa kwamba "Windows" nzima ya mchezo ni folda unayoweza kuibeba.

Waliuliza kama Linux inaugeuza mchezo kuwa kitu kingine. Hapana. Faili la .exe lina maagizo ya prosesa ya x86, na prosesa iliyo mezani kwetu ni hiyohiyo, kwa hiyo inayasoma moja kwa moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuitika mchezo unapoomba: nifungulie faili hili, nitengenezee dirisha, cheza sauti hii. Wine ndiyo inayoitika, kwa kupeleka ombi hilo Linux. Niliwaambia wafikirie mpaka wa Kasumbalesa: dereva wa lori kutoka Zambia hajifunzi Kifaransa ili avuke, na afisa wa forodha hajifunzi Kibemba. Katikati yupo anayezijua lugha zote mbili, na mzigo unapita kama ulivyo.

Mradi wenyewe ulianza 1993. Alexandre Julliard anauongoza tangu 1994, na toleo 1.0 lilitoka 2008. Watu hao walifanya kazi miaka 15 kabla ya kuthubutu kuandika 1.0. Sisi tunaokaa mbali na maduka ya programu ndio tunaokula matunda ya uvumilivu huo, na nataka vijana walijue hilo wanapokamata maneti, vishikio vya kuchezea.

FlatOut 2 ilifunguka. Picha zilikuja, ila gari lilikuwa linakwama kidogo kila vumbi na vipande vya uzio vinaporuka.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo DXVK. Bila hiyo, Wine hutumia WineD3D yake, inayogeuza maombi ya Direct3D, lugha ya Windows ya kuomba picha, kuwa OpenGL, lugha ya picha inayoeleweka kwenye Linux. DXVK, iliyoanzishwa na Philip Rebohle na kutolewa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2018, huyageuza kuwa Vulkan, lugha nyingine ya picha, ambayo iko karibu zaidi na chipu yenyewe na haisumbui prosesa sana. Kwa Direct3D 8, 9, 10 na 11 ndiyo hiyo. Direct3D 12 ina ya kwake, VKD3D-Proton, lakini hatuna mchezo wowote wa kiwango hicho, wala HD 530 isingetufikisha mbali.

Kilichonipendeza ni uzito wake: faili lililofungwa ni megabaiti chache. Ndani mna folda mbili, x32 na x64, zenye mafaili ya .dll. Hapa pana mtego wa Windows yenyewe: ndani ya prifiksi ya biti 64, mafaili ya biti 64 yanakwenda `system32`, na yale ya biti 32 yanakwenda `syswow64`. Majina yanadanganya, na mtu akifuata majina, mchezo hautafunguka. Baada ya kunakili, unafungua `winecfg`, dirisha la mipangilio ya Wine, kwenye sehemu ya maktaba unaandika `d3d9` na kuchagua iliyonakiliwa itangulie ile ya Wine.

Kabla ya yote nilipitisha `vulkaninfo --summary`, kwa sababu DXVK tangu toleo 2.0 inadai Vulkan 1.3. HD 530 inayo.

Nikafungua FlatOut 2 tena. Mara ya kwanza kila kona mpya huwa na mkwamo mdogo, draiva inapotengeneza programu ndogondogo za kivuli na mwanga. Baada ya mzunguko mmoja zimekwisha kuhifadhiwa, na gari linateleza. Mmoja wa wasaidizi wangu alipiga kelele: "Yaya, inatembea kuliko mbele!" Ni kweli, inatembea kuliko ilivyokuwa kwenye Windows ya mashine hiyohiyo, iliyokuwa imejaa takataka.

Jumatano, 12 Novemba

Dell mbili. HD 2500 ni ya familia ya Ivy Bridge, na Mesa, draiva huria ya picha ya Linux, inasema wazi kwenye terminali kwamba Vulkan ya chipu hizo haijakamilika. DXVK ya sasa haiwezi kukaa hapo. Lakini OpenGL ya chipu hiyohiyo inafika 4.2, nayo inaitosha WineD3D. Kwa hiyo Dell hazipewi DXVK. Skrini imeshushwa hadi 1280 kwa 720, ubora umewekwa chini, na FlatOut 2 inachezeka vizuri.

Mtu asikudanganye kwamba mashine ya 2012 ni ya kutupwa. Swali ni draiva yake inajua nini.

Jumamosi, 15 Novemba

PES 2013, mchezo wa mpira wa miguu. Hapa ndipo chumba kinapata riziki yake, mengine ni mapambo.

Usakinishaji kutoka kwenye diski ulipita bila shida. Ulihitaji maktaba za d3dx9, nami niliziweka kwa `winetricks`, hati ya kuongeza vipande vya Windows kwenye Wine, ambayo hushusha kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 cha karibu megabaiti 100. Winetricks huweka ilichoshusha ndani ya `~/.cache/winetricks`. Folda hiyo nayo imeingia kwenye flashi, na kwenye mashine nyingine winetricks itakikuta na haitatafuta mtandao.

PES 2013 ina `settings.exe` ya kuchagua skrini, ubora na maneti. Maneti zetu ni zile za bei nafuu za USB. Wine huzipitisha kwenye SDL, maktaba ya kusoma maneti, na SDL ikizitambua huzipa mpangilio wa maneti ya Xbox, kwa hiyo kitufe cha pasi kilikuwa kinapiga shuti. Unaweza kuvipanga upya ndani ya `settings.exe`, lakini kwa mashine sita na maneti zisizofanana hiyo ni kazi ya kila siku. Nimezima SDL kwenye rejista: chini ya `HKLM\System\CurrentControlSet\Services\winebus` unaweka DWORD iitwayo `Enable SDL` yenye thamani 0. Vitufe vikarudi kwenye mpangilio ambao vidole vya vijana vinaujua. Ukitaka kuvihakiki bila kufungua mchezo, `wine control joy.cpl`.

Mpira ulianza. Picha 60 kwa sekunde kwenye HP, bila kutikisika. Walikaa hadi mama alipozima taa.

Jumanne, 18 Novemba

Kunakili kwenda mashine nyingine. Hii ndiyo sehemu niliyoingojea, kwa sababu hapa ndipo Linux inapotulipa.

Prifiksi hainakiliwi hivihivi kwenye flashi ya FAT32. Ndani yake mna folda `dosdevices` yenye viungo viitwavyo `c:` na `z:`. FAT32 haijui viungo vya aina hiyo, haikubali alama ya nukta mbili kwenye jina, na haibebi faili linalozidi gigabaiti 4. Prifiksi isiwekwe pia kwenye diski ya NTFS iliyobaki kutoka Windows, kwa sababu majina yenye nukta mbili huleta matatizo huko. Nimeifunga kwa `tar` na kuibana kwa zstd, na flashi nimeiumba upya kwa ext4, mfumo wa mafaili wa Linux.

Jambo jingine ni jina la mtumiaji. Wine hutengeneza folda ya mtumiaji ndani ya `drive_c/users` kwa jina lako la Linux. Mashine zote sita zina mtumiaji mmoja aitwaye `mchezo`, na kila njia inabaki ileile. Unafungua kifurushi, unabofya ikoni, mchezo upo na kila mpangilio wake. Sikusakinisha PES mara ya pili popote. Kuna kifurushi cha HP chenye DXVK na kifurushi cha Dell kisicho nayo.

Jumatano, 19 Novemba

Mapema tu vijana walinijia: "Yaya, Mazembe yetu iko wapi?" Kwenye mashine ya kwanza walikuwa wamekaa na kutengeneza TP Mazembe kwa mistari myeusi na myeupe, na Lupopo kwa njano na buluu, majina ya wachezaji, kila kitu. Kwenye mashine nyingine hakuna hata moja.

Wine hulifanya folda la Documents la Windows kuwa kiungo cha Documents ya Linux. PES 2013 huweka timu na mechi zake ndani ya `Documents/KONAMI`, kwa hiyo timu zile zilikuwa nje ya prifiksi, na kifurushi changu hakikuzigusa. Nimenakili folda hiyo peke yake kwenye mashine zote, na Mazembe na Lupopo wako mahali pao. Mtu anaweza kukikata kiungo hicho ndani ya `winecfg`, ila mimi nimekiacha makusudi. Prifiksi ni ya mchezo, Documents ni ya vijana. Nikifuta moja, nyingine inabaki.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua kubwa, na umeme ulikatika mtaa mzima katikati ya mashindano. Uliporudi, mashine moja ilikataa kufungua PES, faili la rejista lilikuwa limekatika nusu. Ext4 ilijirekebisha yenyewe kwa jarida lake, lakini jarida linalinda mpangilio wa diski, haliwezi kumaliza faili ambalo programu haikumaliza kuliandika.

Sikuwepo. Msaidizi wangu alibofya ikoni ya "Rudisha mchezo" niliyoiweka siku ya kunakili: hati fupi inayofuta prifiksi na kufungua tena kifurushi kilichohifadhiwa kwenye diski. Mchezo ukarudi, na timu zao hazikuguswa kwa kuwa ziko Documents. Mama alinipigia simu akicheka: "Mutoto amefanya kazi ya fundi!"

Jumatano, 26 Novemba

Yasiyowezekana, niyaandike ili yasiulizwe kila siku.

Kijana mmoja anataka Fortnite, mwingine Valorant. Hazitakuja. Fortnite kwenye Linux imezuiwa na wenyewe. Valorant ina Vanguard, mlinzi dhidi ya wadanganyifu anayekaa ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Windows, na Wine haina kerneli hiyo ya kumpa: yenyewe ni programu ya kawaida inayokaa juu ya Linux. Si suala la kutafuta mpangilio wa siri. Kampuni nyingine ziliwahi kukubali kisha zikageuka, kama Apex Legends iliyowafungia watu wa Linux mlango mwishoni mwa Oktoba 2024. Mchezo wa mtandaoni wenye mlinzi ni ruhusa ya mwenye mchezo, na ruhusa huondolewa.

Diski mbili za mbio za miaka ya 2000 nazo zimekataa. Zina ulinzi wa SafeDisc, wa kuzuia kunakili, ambao draiva yake hukaa palepale kwenye kerneli. Windows 10 yenyewe iliiondoa draiva hiyo tangu 2015, kwa hiyo diski hizo zilikuwa zimekufa kabla hatujahama.

GTA, mchezo wa uhalifu, mama ameikataa, naye ana haki, hapa wanaingia watoto wa miaka kumi.

Mahali pa hizo nimeweka SuperTuxKart, ambayo ni ya Linux tangu kuzaliwa. Wadogo wameipenda kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 29 Novemba

Mashine zote sita zimeunganishwa kwa swichi na waya, bila intaneti. FlatOut 2 kwa mtandao wa ndani imefanya kazi: Wine hupitisha mawasiliano ya mtandao kwenye Linux moja kwa moja, na kila mashine ina anwani yake ya kudumu niliyoiandika kwa kalamu kwenye kasha. HP na Dell zinakimbia kwenye mbio moja, hizi kwa Vulkan na zile kwa OpenGL, na hakuna anayetambua tofauti.

Kuna wanaoniambia nitafute Wine mpya kwa sababu ya ntsync, njia mpya ya kupatanisha nyuzi (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), iliyoingia kwenye Linux 6.14. Ni kazi nzuri, itasaidia michezo yenye nyuzi nyingi. Wine 9.0 haiitumii, na michezo ya 2006 na 2012 haiilii. Sitabadilisha kitu kinachofanya kazi kwenye chumba cha riziki.

Alhamisi, 4 Desemba

Rafiki anayeendesha chumba kama hiki Likasi alikuja na diski yake ya nje. Nilimpa picha ya Mint, folda ya .deb, folda ya winetricks, DXVK na hati ya kurudisha. Mchezo wenyewe ana diski yake, atausakinisha mwenyewe.

Leo amepiga simu. PES inakufa kabla ya menyu. Nilimwomba anisomee `vulkaninfo --summary`: kadi ni GeForce GT 710. Hiyo ni ya familia ya Kepler, draiva ya mwisho ya NVIDIA kwa familia hiyo ni ya mfululizo wa 470, na inafika Vulkan 1.2 tu. DXVK 2 haiwezi. Toleo 1.10.3, la mwisho kabla ya 2.0, linatosheka na Vulkan 1.1, na kwa mchezo wa Direct3D 9 halina upungufu utakaouona.

Faili lilikuwa dogo, nimemtumia kwa simu. Amebadilisha mafaili ndani ya `syswow64`, na mpira unachezwa. Flashi yangu sasa ina DXVK mbili, na hati inasoma toleo la Vulkan kwanza: ikiona 1.3 inaweka mpya, ikiona 1.1 au 1.2 inaweka 1.10.3, na ikikuta Ivy Bridge au isipoona Vulkan inaacha WineD3D. Kesho naijaribu kwenye Dell kabla ya kumpelekea.